Flash ya Kwamsisi na Mlinzi Aliyezimwa

Kidole kilichofuta ni changu. Hiki cha shahada, cha mkono wa kulia. Naanza na hilo ili asitokee mtu Korogwe akasema Zaina anawataja wenzake na yeye kajificha nyuma ya mlango.

Ilikuwa saa nne asubuhi, ndani ya steshenari ya Ally Semdoe. Bibi Mwajuma wa Kwamsisi alikaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, mikono juu ya magoti, ananitazama jinsi mgonjwa anavyomtazama nesi mwenye sindano. Flash yake ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta yangu. Ndani yake zilikuwamo sauti za wazee sita wakieleza mpaka wa shamba lake, na wote sita walikuwa wameshazikwa. Wa sita alikuwa mume wake, Mzee Mhina. Yeye ndiye aliyezunguka na simu akiwarekodi wenzake, na mwishoni akajirekodi mwenyewe. Jirani alikuwa anaudai upande wa chini wa shamba, na Jumanne baraza lingekaa. Bibi alitaka kitu kidogo tu, nimhamishie zile sauti kwenye sidi ili wazee wa baraza wazisikilize.

Flash ilipofunguka ilionyesha kitu kimoja peke yake, alama yenye kimshale. Sisi tulikuwa tunaijua hiyo alama, na tulikuwa na dawa yake moja.

"Ina kirusi, bibi. Ngoja niisafishe."

"Isafishe, mwanangu. Ila usimwage vilivyomo."

"Havimwagiki."

Kompyuta ikanitolea maneno ya Kiingereza na alama ya njano yenye kistari cha kushangaa. Nikabonyeza OK. Mstari wa kijani ukakimbia mpaka mwisho. Nikaifungua flash tena, nyeupe, haina hata huo mshale. Kabla sijasema neno, Semdoe akaja nyuma yangu, akaichomoa, akaipeleka kwenye kompyuta yake, akairudisha anatabasamu. "Tayari. Ipo safi."

"Basi tumsikilize kidogo," Bibi Mwajuma akasema. "Nina muda sijamsikia."

Nikabonyeza faili la kwanza nililoliona. Spika zikapasuka kwa ngoma ya singeli.

Bibi aliinamisha kichwa, akasikiliza. Wallahi alisikiliza kwa adabu, kama vile pengine mumewe yumo humo ndani ya ngoma anatafuta pa kutokea. Halafu akanyanyua uso.

"Huyu si Mhina, mwanangu."

Nyie vijana mnaofungua steshenari leo, kila kona ya stendi kuna mmoja wenu na kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, nawaandikia nyinyi. Nimesoma mpaka la saba na sikufaulu. Yaliyobaki nimefundishwa na kazi, na kazi ni mwalimu anayechapa kwanza ndipo aseme kosa.

Nilianza na taipu. Nje ya mahakama, chini ya paa la bati, pamoja na Mzee Kaniki. Alikuwa na mashine moja ya chuma nzito kama mtungi wa gesi, na mimi nilikuwa namwekea karatasi. Mzee yule alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, usipige mhuri wala herufi juu ya usichokielewa. Ya pili, kaboni. Mteja akileta maelezo yake, hata awe na haraka ya kufiwa, Mzee Kaniki anaweka karatasi, kaboni, karatasi. Nakala moja inaondoka, moja inabaki kwenye sanduku lake la mabati.

"Mzee, tunamaliza kaboni bure," nilimwambia siku moja.

"Zaina, karatasi moja ni yatima. Upepo mmoja tu, ukoo umekwisha."

Nilicheka. Kompyuta zilipoingia, taipu ikawekwa uvunguni, Mzee Kaniki akarudi kwao milimani, na mimi nikaajiriwa na Semdoe. Sheria zake mbili niliziacha palepale chini ya bati. Nilidhani kompyuta haihitaji kaboni. Nilidhani kinachoandikwa humo kimeandikwa kama jina kwenye saruji.

Dukani kwa Semdoe tulikuwa na kompyuta nne, lakini printa imeungwa kwenye moja. Kazi ikichapwa kwenye nyingine yoyote, inabebwa na flash ya duka. Flash hiyo ilikuwa imefungwa kamba ya katani, kamba imefungwa mguu wa meza ya printa, maana kabla ya hapo zilikuwa zinapotea. Tuliiita flash ya kamba. Mnaijua kata ya maji inayokaa juu ya mtungi? Kila anayeingia anachota, anakunywa, anairudisha. Ndiyo hiyo. Ilikunywa kwenye kompyuta zote nne, na kila flash ya mteja iliyoingia dukani ilikunywa pamoja nayo. Mwanafunzi na tasnifu yake, mchungaji na ratiba ya mazishi, mwenyekiti na muhtasari wa kikao. Kata moja.

Kirusi chetu kilikuwa na tabia. Ukichomeka flash, kinachukua vitu vyako vyote kinavificha, halafu kinaweka alama ya mshale mahali pake. Ukibonyeza ule mshale, unakiamsha. Wateja walikuwa wanakiita ugonjwa na sisi tulikuwa tunauza dawa. Mzee mmoja wa Kerenge alituletea flash yake imefungwa kwenye nailoni tatu, moja ndani ya nyingine.

"Ya nini nailoni, mzee?"

"Nimeitenga. Ya mwanangu inaumwa, na zilikuwa mfuko mmoja."

Duka zima lilianguka kicheko. Semdoe alikaa chini. Mzee wa watu alibaki amesimama, anatutazama kwa huruma. Leo namkumbuka nasema, kati ya watu wote waliokuwemo dukani siku ile, mwenye akili alikuwa mmoja, na tulikuwa tunamcheka.

Sasa niwaeleze habari ya Gilbert.

Gilbert alikuwa fundi wa kompyuta, anakuja kwa pikipiki, begi mgongoni, na ndani ya begi ana sidi moja ya Windows iliyochubuka. Sidi hiyo moja imeingia maduka yote niliyoyajua Korogwe, na mengine ya Handeni. Windows yenyewe halali inataka ufunguo wa kampuni. Gilbert alikuwa na ufunguo wa kuchonga, wenyewe wanauita kraki. Akimaliza kuuweka anatikisa mikono kama mganga.

Siku aliyotuwekea kompyuta zile nne nilikuwa pembeni yake. Pale chini ya kioo, kwenye kona ya kulia, kukatokea kialama chekundu.

"Gilbert, hiki nini?"

"Achana nacho, dada Zaina. Hii Windows ina mlinzi wake ndani. Akiiona kraki yangu anasema ni mwizi, anaiua. Nimemzima."

"Sasa nani atalinda?"

"Formati ipo. Kikiingia kitu, unapiga formati, OK, OK, kwisha. Flash si mtu, haifi."

Semdoe alikuwepo. Alisikia kila neno. Alichouliza yeye ni kama kile chekundu kitawatisha wateja. Gilbert akasema labda. Basi Semdoe akakata selotepu nyeusi vipande vinne, akabandika kwenye kona ya kila kioo. Miaka yangu yote pale nilifanya kazi na kompyuta nne zinazopiga kelele za hatari kila siku, na midomo yao imezibwa kwa selotepu.

Na kulikuwa na desturi nyingine, hii ni ya Semdoe mwenyewe. Flash ikishapigwa formati, haitoki dukani tupu. Tupu ni mkosi, alikuwa anasema, kama kurudisha sahani ya jirani bila kitu. Kwa hiyo anaijazia nyimbo, zawadi ya duka. Watu walipenda. Wengine walikuja kuformati flash zisizoumwa ili wapate nyimbo.

Hayo matatu yakusanyeni pamoja. Mlinzi aliyezimwa, OK nisiyoisoma, na zawadi ya duka. Asubuhi ile Bibi Mwajuma aliingia katikati ya hayo matatu kama kuku anavyoingia kwenye tundu.

Aliposema "Huyu si Mhina", Semdoe aliitazama saa yake.

"Bibi, virusi vimekula. Sisi tumekuokolea flash."

"Mimi sikuleta flash," akasema Bibi. "Nimeleta watu."

Mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi alitoka nje bila karatasi zake. Mimi nilikuwa nimekaa, mikono juu ya kibodi. Na nawaambia ukweli wangu, lililonijia halikuwa Mungu wala huruma. Lilinijia jina la mtu aliyewahi kutudharau.

Mwalimu Neema anafundisha kompyuta kwenye sekondari moja ya Handeni. Aliwahi kuja dukani kufanya fotokopi za mtihani. Nilinyoosha mkono nipokee flash. Akanipa karatasi.

"Flash yangu haiingii humu, mama. Samahani sana."

Nilimsema wiki nzima. Eti anajiona. Lakini siku ile, katika wote waliowahi kupita mlango ule, niliona ni yeye peke yake aliyekuwa anatuogopa, na mtu anayekuogopa anajua kitu kukuhusu. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye daftari la kazi. Nikampigia, nikajitaja.

"Shikamoo mama Zaina."

"Marahaba. Mwanangu, nimefuta sauti za maiti."

Akauliza, "Baada ya kufuta, kuna kitu kimewekwa?"

"Nyimbo."

Nikasikia anavuta pumzi. "Ichomoe sasa hivi. Usiichomeke popote, hata kwa kujaribu tu. Kila kinachowekwa kinakanyaga kilichokuwepo. Njooni nayo kesho."

Nikaichomoa. Halafu, sijui nani aliniongoza, nikachukua mkasi wa kukatia picha za pasipoti, nikainama chini ya meza ya printa, nikaikata kamba ya katani. Nikaondoka na flash zote mbili, Bibi Mwajuma nyuma yangu.

"Zaina! Ukitoka na hiyo usirudi!" Semdoe alipiga kelele.

Sikurudi.

Kesho yake chumba cha kompyuta cha Mwalimu Neema kilikuwa na madirisha wazi na harufu ya vumbi la chaki. Bibi Mwajuma alipewa kiti chenye mto. Mwalimu alimpigia goti la salamu, akamwuliza habari za Kwamsisi, mvua, mahindi, wajukuu, mpaka mimi nikataka kulia kwa haraka. Ndipo akaipokea flash kwa mikono miwili.

Hakuifungua. Aliichomeka kwenye kompyuta moja ambayo kioo chake sikuwahi kuona mfano wake, rangi ya zambarau, haina Windows. Akaandika maneno machache meupe juu ya weusi.

"Kwanza nachukua nakala ya flash yote, kila punje, hata mahali panapoonekana patupu. Nitafanya kazi juu ya nakala. Flash yenyewe itakaa kabatini."

Kaboni. Nilimwona Mzee Kaniki amesimama mle ndani na karatasi yake nyembamba nyeusi. Nikainamisha uso.

"Ulipopiga formati," Mwalimu akaniambia, "hukuchoma kurasa. Umechana yaliyomo, ile orodha ya mbele inayosema sura hii ipo ukurasa fulani. Kurasa zenyewe zimo, isipokuwa zile zilizochapiwa nyimbo juu yake. Itachukua muda. Hiyo nyingine ni ya nani?"

Nilikuwa nimeishika ile ya kamba, kipande cha katani kinaning'inia. Nikamweleza. Macho yake yakang'aa kama mtu aliyeletewa nyoka hai kwenye chupa.

"Mama, njoo nikuonyeshe kitu."

Vijana, nililoliona katika saa ile moja, sikuliona katika miaka yote ya kazi. Alikuwa na kompyuta tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa chakavu, haijaungwa na nyingine yoyote, na ndani yake imewekwa Windows ya kraki kama ile ya Gilbert, mlinzi amezimwa. Akachomeka flash ya kamba. Ikatoka ile alama yenye mshale. Akaibonyeza. Hakikutokea kitu. Akachomeka flash nyingine mpya, tupu, aliyoiandikia barua moja ya mfano. Tukahesabu moja mpaka tano. Barua ikatoweka, mshale ukakaa mahali pake. Hakuna kelele, hakuna moshi. Hata mlango haukulia.

"Hivyo ndivyo mlivyokuwa mnafanya," akasema, bila ukali. Ingekuwa afadhali angefoka.

Akaichukua ile ya kamba, akaipeleka kwenye kompyuta ya zambarau. "Hii inaitwa Linux. Ni ya bure, halali, haina haja ya kraki."

Ikafunguka. Nikasimama.

Kila kitu kilikuwemo. Barua nilizochapa mwaka juzi. Ratiba za mazishi. Orodha ya wanakwaya. Vitu tulivyowaambia wateja vimeliwa, tukaapa, tukawaformatia flash zao, vilikuwa vimekaa hapo vimetulia kama watu kwenye foleni. Havikuwa vimeliwa. Vilikuwa vimefichwa tu, kwa amri ambayo Windows inaitii na hii haiijali. Nikakumbuka nyuso. Yule mwanafunzi na tasnifu yake. Nilimfutia mwenyewe, na akanishukuru.

"Na kirusi chenyewe kiko wapi?"

"Kile pale." Akabonyeza faili moja dogo. "Kimeandikwa kwa lugha ya Windows. Humu ndani hakuna anayekisikia. Kwa hiyo badala ya kuamka, kimefunguka kama barua."

Nikakiona uso kwa uso. Miaka yote hiyo nilikiwazia mnyama, kitu chenye meno. Kilikuwa maandishi. Kurasa chache, mistari mifupi mifupi, na mahali pengine mwandishi ameacha nafasi mbili badala ya moja. Mimi ni mpiga chapa, hilo naliona hata nikiwa nimelala. Mtu alikaa kwenye kiti, akachapa hivi kwa vidole, kama ninavyochapa barua ya kuomba kazi. Nywele zilinisimama. Kitu kifupi kama kile kimevuka nchi sijui ngapi, kimefika mpaka mguu wa meza Korogwe, kikafunga midomo ya wazee sita wa Kwamsisi ambao aliyekiandika hatajua kamwe kama waliwahi kuishi.

"Basi hii Linux haipati virusi," nikasema. "Watu wote wahamie huku."

Mwalimu Neema akacheka. "Usiwadanganye watu hivyo, mama. Vya kwake vipo, ila ni vichache kwa kompyuta za mezani kama hizi zetu. Sababu moja ni ujenzi wake. Kitu kikitaka kugusa kiini chake, kinaombwa neno la siri kwanza. Sababu nyingine ni kwamba wezi wanapenda mtaa wenye nyumba nyingi, na mtaa huo ni Windows. Hata zile kompyuta zenye tufaha lililong'atwa, watu wanadhani zimezindikwa. Hazijazindikwa. Na simu ndiyo kabisa, ukipokea programu uliyorushiwa na mtu badala ya kuichukua kwenye duka rasmi la programu, umefungua mlango mwenyewe. Angalia tena: kirusi hiki humu kimelala, lakini nikikihamishia kwenye flash ya mwanafunzi, atakibeba mpaka kwao. Asiyeumwa anaweza kuwa mbebaji."

Nikamkumbuka mzee wa Kerenge na nailoni zake tatu.

Ikabaki kompyuta ya tatu. Hiyo ilikuwa Windows. Windows kama zetu, ila ya halali, imesasishwa, na kwenye kona ya chini hakuna selotepu. Mwalimu akachomeka flash ya kamba na kubonyeza mshale.

Ukatokea ujumbe pembeni. Mlinzi amekiona, amekikamata, amekifungia. Kufumba na kufumbua. Hata chai isingepoa.

Niliuliza kijinga, "Huyu mlinzi umemnunua wapi?"

"Sikumnunua. Amekuja nayo. Kila Windows ya siku hizi inakuja naye."

"Hata za dukani kwetu?"

"Hata za dukani kwenu alikuwemo, mama. Mpaka mtu alipomzima."

Hapo ndipo mshangao wangu ulipogeuka nyongo. Maana kabla ya hapo nilikuwa nimeshaanza kujifariji kwamba tatizo ni mfumo, kwamba Windows ni mbovu na Linux ni malaika, na mimi masikini ningejuaje. Kumbe mlinzi alikuwepo mlangoni, amelipiwa na wenyewe waliomtengeneza, hali wala halali. Gilbert alimfukuza ili mwizi wake apite, na mwizi mmoja akipewa njia wengine hawaulizi. Semdoe akaziba kengele kwa selotepu. Na mimi nikabonyeza OK.

Kompyuta ya zambarau ikatoa mlio mdogo. "Zinatoka," akasema Mwalimu Neema.

Ya kwanza ilikuwa sauti ya mzee anayekohoa. Akajitaja, akamtaja baba yake, halafu akaanza kutaja miti, mwamba, njia ya ng'ombe, Kiswahili na Kizigua vikipokezana. Bibi Mwajuma akashika mdomo. Ya pili. Ya tatu. Kila mmoja anatoka mahali nilipopaona peupe kwa macho yangu, mahali nilipoapa hapana kitu. Sijawahi kuhudhuria jambo linalofanana na hilo, na sidhani nitahudhuria tena kabla ya siku yenyewe ambayo sote tutafufuliwa. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameacha kugusa kibodi. Wazee watano, wazima, mmoja hadi na jogoo wake akiwika nyuma.

Ya sita ilianza na kelele ya kiti kinachoburutwa. Halafu sauti nzito, karibu na simu kupita kiasi:

"Mwajuma! Huyo mbuzi yumo kwenye mahindi!"

Bibi Mwajuma akageuka kutazama mlangoni. Aligeuka kabisa, amejiinua nusu kwenye kiti. Ndipo akakumbuka alipo. Akacheka, na machozi yakawa yanashuka huku anacheka. "Hata akirekodi ya barazani lazima anigombeze kwanza."

Mzee Mhina akakohoa. Akajitaja. Akasema wenzake wameshaeleza upande wa juu, yeye atasema wa chini, kwenye bonde la mpunga, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo siku baba yake na baba wa jirani walipoupima kwa hatua, na wengine hawakuwepo. Sauti imetulia, mtu asiye na haraka.

"Mpaka wa chini," akasema, "unaanzia kwenye..."

Na singeli ikapasuka.

Mwalimu Neema alijaribu mpaka mchana. Alijaribu na siku iliyofuata. Nyimbo za zawadi zilikuwa zimekanyaga hapohapo, na palipokanyagwa hapana kurasa tena. Hakuna mfumo duniani, wa bure wala wa kununua, unaorudisha kilichoandikiwa kitu kingine juu yake.

Jumanne baraza lilisikiliza wazee watano. Upande wa juu Bibi Mwajuma aliupata siku ile ile, jirani mwenyewe alikubali alipomsikia marehemu babu yake mdogo akitaja mwamba. Upande wa chini wakamwomba aonyeshe mpaka unaanzia wapi. Hakujua. Alipoolewa mpaka ulikuwepo, nani anamwonyesha mke mpaka? Bonde la mpunga likaenda kwa jirani.

Semdoe alitangaza Korogwe nzima kwamba Zaina ndiye aliyebonyeza, na kwamba amenifukuza kwa uzembe. Nilibonyeza, sikatai. Nilimfuata Bibi Mwajuma mpaka Kwamsisi, nikapiga magoti uwanjani kwake mbele ya wajukuu, nikasema ni mimi. Akaniambia inuka, mwanangu, wewe umekuja. Sasa hivi nalima Kwaluguru, na kidole kile hakifuti tena kitu zaidi ya magugu.

Nyinyi mnaoanza, ondoeni selotepu kwenye vioo vyenu. Kama ufunguo wa Windows umewashinda, wekeni Linux, ni bure na siyo aibu. Flash ya mteja ikiingia, nakala kwanza, mengine baadaye. Ikionyesha tupu, aminini kwamba macho yenu ndiyo matupu. Na neno msilolielewa kwenye kioo, simameni, ulizeni, hata kama mteja anafoka.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya ushauri. Gilbert bado anapita na pikipiki yake, na sidi ile bado imo kwenye begi. Ally Semdoe amefungua duka la pili. Hakuna hata mmoja aliyefika Kwamsisi, wala kutuma mtu, wala kusema pole. Mimi nimeshajibu langu. Nawataka na wao wajibu lao, na sitaki mengi. Gilbert aende akae kwenye kigoda uwanjani kwa Bibi Mwajuma, amweleze kwa kinywa chake kwa nini alimzima mlinzi. Semdoe akae pembeni yake. Yeye ndiye aliyeweka nyimbo, basi amwambie mama yule mpaka wa chini unaanzia kwenye nini. Aimalizie sentensi ya Mhina. Bibi bado anaisubiri.